Jinsi ya Kuchunguza Kinachoangamiza Viumbe wa Eneo Kabla ya Kuanza Kulirejesha

Juhudi nyingi za kuokoa mazingira huharibika kwa haraka ya kutibu kabla ya kuujua ugonjwa. Watu hupanda miti mahali ambapo tangu enzi palikuwa mbuga ya nyasi, na kivuli cha miti hiyo kikaangamiza mimea na wadudu waliolitegemea jua. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta miche, tafuta kwanza kinachoua.

Ripoti ya mwaka 2019 ya IPBES, jopo la kimataifa la kisayansi kuhusu bayoanuwai, iliyokadiria kwamba spishi zipatazo milioni 1 zimo hatarini kutoweka, ilitaja visababishi vikuu vitano: mabadiliko ya matumizi ya ardhi na bahari, uvunaji wa viumbe wenyewe, mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi na viumbe vamizi. Katika nchi kavu na maji baridi, matumizi ya ardhi ndiyo yaliyoonekana kuwa na athari kubwa zaidi. Baharini ni uvuvi. Mpangilio huo ukuonyeshe pa kuanzia tu, kwa maana kila eneo lina historia yake.

Historia hiyo itafute kwa wazee, ukiwauliza ni samaki na ndege gani waliokuwa wengi zamani, kisha linganisha majibu yao na picha za setilaiti za Landsat, ambazo zimepigwa tangu 1972 na hupatikana bila malipo. Usitazame ukubwa wa msitu pekee. Msitu uliokatwa vipande vipande hupigwa na jua na upepo kila ukingoni, hupoteza unyevu, na huwatenga wanyama wasioweza kuvuka mashamba.

Ikiwa pana kijito, kipe muda mwingi, kwa kuwa maji hubeba habari za kila kinachotendeka juu yake. Chagua mahali penye mawe ambapo maji hayazidi magoti. Tega wavu wenye matundu madogo upande maji yanakoelekea, inua jiwe, lisugue kwa vidole mbele ya wavu, kisha mimina ulichopata katika beseni jeupe lenye maji kidogo na usubiri matope yatulie. Ukiona wadudu wachanga wenye mikia mitatu myembamba na matamvua yanayopepea ubavuni, au wale wanaojijengea vijumba vya chembe za mchanga na vijiti, hiyo ni dalili njema, kwani wengi wao huhitaji maji safi yenye oksijeni tele. Ukikuta karibu viumbe wote ni ruba na mabuu mekundu yanayostahimili uhaba wa oksijeni, shuku maji taka au samadi. Rudia kazi hiyo juu na chini ya shamba au mfereji unaoushuku, maana tofauti kati ya sehemu hizo mbili ndiyo ushahidi wenye nguvu. Viumbe warudishe majini.

Usiridhike na mkosaji mmoja. Katika Ziwa Victoria, sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, aliyeingizwa miaka ya 1950, alichangia sana kutoweka kwa spishi nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Lakini virutubisho kutoka mashambani na mijini navyo vilikuwa vikirutubisha mwani na kuyatia maji ukungu. Furu jike wa spishi nyingi humtambua dume kwa rangi. Maji yakififisha rangi hizo, spishi zenye undugu wa karibu huzaliana na kuchanganyika. Kumpunguza sangara peke yake hakuwezi kuponya uharibifu huo, na ndiyo sababu nasisitiza uchunguzi wa kina.

Baada ya hapo, zuia madhara kwanza. Msitu wenye miti mama karibu mara nyingi huota wenyewe ukikingwa dhidi ya moto na mifugo; panda tu pale mbegu zisipofika, tena kwa spishi za asili za mahali hapo. Kisha pima upya sehemu zilezile, msimu uleule, kwa njia ileile, na uandike tarehe, hali ya hewa na kila ulichokiona, hata pale ambapo hukukuta kiumbe chochote.