Eksirei ya bega: huo mstari ni ufa au ni umbile tu?

Majuzi nilikaa na afisa wa kliniki wa kituo cha afya upande wa Ahero, tukapitia picha zake za bega moja baada ya nyingine. Swali lake ni lile lile ninalolisikia Kisumu kila mara: huu mstari ni ufa, au mfupa uliumbwa hivyo? Nayaandika hapa ili na wengine wafaidike. Wagonjwa wetu wengi wa bega ni watu wa bodaboda na vijana wa raga, na wengi wako katika umri ambao mifupa ya bega haijamaliza kuungana. Hapo ndipo makosa huzaliwa.

Hatua ya 1: Umri, kisha kidole

Uliza umri na namna alivyoanguka. Bonyeza kwa kidole kimoja, ukianzia kwenye mtulinga (mfupa unaotoka chini ya shingo hadi begani) hadi ncha ya bega, uweke alama panapouma. Hapo tu ndipo ufungue picha.

Hatua ya 2: Dai picha ya kwapani

Picha ya mbele peke yake mimi sikubali kuisoma. Nataka ya mbele, ya kombe (mfupa bapa wa mgongoni) kwa upande, na ya kwapani, na kama ningelazimishwa kuacha moja, ya kwapani haingeachwa. Wapiga picha huiruka kwa kuwa mgonjwa analalamika akiinua mkono. Basi mwache na slingi yake (kitambaa kinachoning'iniza mkono), aegemee nyuma kama nyuzi 30 juu ya kaseti, yaani bamba linalopokea picha, mionzi ishuke kutoka juu. Inatosha.

Bila picha hiyo, bega lililoteguka kwenda nyuma hupita bila kuonekana, hasa kwa mtu aliyepata degedege la kifafa au kurushwa na umeme. Kwenye picha ya mbele utaona tu kichwa cha mfupa wa mkono kimekuwa mviringo kama balbu. Na tafadhali, usisome picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye filamu iliyoinuliwa dirishani. Kingo za mfupa hufifia, na kingo ndizo tunazozitafuta.

Hatua ya 3: Watoto na vijana

Gegedu la ukuaji juu ya mfupa wa mkono limekaa kwa mwinuko, kwa hiyo ukingo wake wa mbele na wa nyuma hutokea kwenye picha kama mistari miwili. Mmoja kati ya hiyo ndio huitwa ufa kimakosa. Kwa kawaida hufunga kati ya miaka 14 na 17 kwa wasichana, 16 na 18 kwa wavulana. Ukiona nafasi imepanuka au kichwa kimeinama, hilo ni jeraha. Ukisita, piga bega la pili kwa mkao ule ule.

Hatua ya 4: Akromioni

Hapa tulikaa kuliko kwingine kote.

Ncha ya akromioni (sehemu ya kombe inayofunika bega kwa juu) hukua kutoka vituo kadhaa vya mfupa, na huweza kuchelewa kuungana hadi miaka 25. Kwa watu wazima kama 8 katika kila 100, kipande kimoja hakiungani kamwe. Hicho huitwa os akromiale.

Fuata ukingo wa kila upande wa pengo polepole. Os akromiale ina kingo laini, za mviringo kidogo, na ganda jeupe la mfupa limezunguka pande zote mbili. Ufa mpya una kingo kali zisizo na ganda, na ukivisogeza vipande kwa macho vinaingiana. Picha ya mbele huificha, ikionyesha kivuli maradufu tu. Ya kwapani huifunua.

Lakini kuna mitego. Ufa wa zamani ambao haukuunga nao huota ganda, kwa hiyo uliza kama aliwahi kuanguka miaka iliyopita. Bega la pili likiwa safi, hujathibitisha ufa, maana os akromiale huweza kuwa upande mmoja tu. Kwa kijana wa miaka 19 usiandike os akromiale, kwa sababu mfupa bado una muda wa kuungana. Kiungo cha akromioni na mtulinga nacho, mkao ukipinda, hujifanya pengo. Kitafute kwanza, ukitambue, ndipo uhesabu pengo lingine.

Tena, umbile la kuzaliwa nalo huweza kuuma. Kipande kile hulegea baada ya kuanguka, au hubana kano zilizo chini yake. Ukiandika "kawaida" kisha ukamrudisha nyumbani mtu anayelia ukimbonyeza papo hapo, hujamsaidia.

Mwendesha boda mmoja aliletwa kwetu baada ya kufungwa slingi kwingine, akiongezewa wiki kila aliporudi kwa sababu "ufa haujaunga". Bega lilikuwa limekakamaa, hafikii hata usukani. Kidole changu kilipogusa akromioni hakusema lolote. Aliumia nilipogusa mtulinga. Mstari haukupona kwa kuwa haukuwa jeraha.

Hatua ya 5: Nyuma ya kichwa cha mfupa wa mkono

Kwenye CT au MRI (mashine zinazoonyesha bega tabaka kwa tabaka), bonde lililo usawa wa korakoidi, ndoano ya mfupa wa kombe iliyo mbele ya bega, au juu yake linaashiria bega liliwahi kuteguka kwenda mbele. Lililo chini ya hapo ni umbile la kawaida.

Hatua ya 6: MRI, kwa wachache wanaoimudu

Chukulia glenoidi, yaani kikombe cha kombe kinachopokea kichwa cha mfupa wa mkono, ni saa, 12 juu, 3 mbele. Labrumu (ukingo laini unaozunguka kikombe hicho) iliyoachana na mfupa kati ya saa 1 na 3 huwa umbile mara nyingi. Kwa watu kama 1.5 katika 100 haipo kabisa hapo, na kano nene imechukua nafasi yake. Ikiachana chini ya saa 3, tia shaka ya jeraha. Juu, kwenye mzizi wa kano ya misuli ya mbele ya mkono, mwanya laini unaofuata ukingo wa glenoidi ni wa kawaida. Ulioparuzika na kuelekea nje ni mchaniko. Tofauti hii ni nzito: daktari akishona umbile akidhani ni jeraha, mgonjwa hupoteza uwezo wa kuzungusha mkono kwenda nje.

Hatua ya 7: Fomu

Andika umri, panapouma, na picha zilizopigwa. Ukikuta umbile, litaje kwa jina lake na useme kama panauma au hapaumi, ili wa kituo kinachofuata asianze upya.