Jinsi ya kukopesha dukani kabla hujaamua kama binadamu ni mwema au mbaya

Nina duka Kayole, Nairobi, upande wa Masimba, tangu 2006. Nauza nikiwa nyuma ya grili: unga, sukari ya robo, mafuta ya kupima, maziwa, sabuni ya kukatwa vipande. Binti yangu anasoma falsafa chuo kikuu, na kila wikendi akija kunishikia duka huniletea swali lilelile: Mama, mtu huzaliwa mwema au mbaya? Karo nalipa mimi, kwa hiyo nimejipa ruhusa ya kubishana naye. Sina vitabu, nina daftari la madeni. Na kwa kuwa vijana wanaofungua vibanda hapa mtaani huja kuniuliza namna ya kukopesha bila kufilisika, nitawajibu pamoja naye.

Kwanza, usibandike ile karatasi ya "Leo pesa taslimu, mkopo kesho". Kila mtu huisoma na hakuna anayeiamini, hata wewe mwenyewe. Hapa watu wengi hulipwa kwa siku, na siku nyingine kazi haipo. Usipokopesha kabisa utabaki kuuza viberiti.

Mkopo wa kwanza kwa mtu mpya usizidi maziwa pakiti moja na mkate, na uwe wa kulipwa kesho asubuhi. Mpe yule anayekaa ndani ya ploti ya kupanga inayojulikana, ambaye keateka, yule mtunza ploti, anamjua kwa sura. Mgeni wa wiki mbili mwambie bado, kwa upole. Si kwamba wageni ni wabaya. Ni kwamba bado hakuna anayewaona, na mtu asiyeonwa na yeyote hujaribiwa hata akiwa shemasi.

Udogo wa deni una hatari yake, na hapo ndipo wengi huteleza. Deni la shilingi 30 hufa. Mtu hujisamehe mwenyewe kabla hajafika kwenye lango. Deni la elfu moja humkosesha usingizi, akikuona huanza kueleza kabla hujauliza. Nilidhani ni mambo ya Kayole tu mpaka binti yangu aliponisomea utafiti uliotoka 2019: watu walipeleka pochi zaidi ya 17,000, eti zimeokotwa, kwenye kaunta za benki, hoteli, posta na kwingineko, katika miji 355 ya nchi 40, kisha wakangoja kuona nani atamtafuta mwenye pochi. Pochi zenye pesa zilirudishwa zaidi kuliko zile zisizo na pesa. Wataalamu wenyewe hawakuitarajia hiyo. Maelezo yao ni kwamba kadiri pesa zinavyoongezeka ndivyo mtu anavyojiona mwizi akizikalia, na hapendi kujiona hivyo. Basi ndiyo sababu nakuambia deni dogo liwe la kesho asubuhi, kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kulisahau.

Pili, tarehe. Usimuulize mtu kama atalipa, maana hakuna aliyewahi kusema hapana. Muulize lini, kisha muulize hiyo pesa inatoka wapi. Wa mjengo hulipwa Jumamosi. Mama wa kufua nguo hulipwa jioni hiyohiyo, mfuate siku hiyohiyo. Mwalimu wa shule ya binafsi atakuambia mwisho wa mwezi, wewe andika tarehe saba ya mwezi unaofuata. Na usiweke deni lolote kati ya tarehe moja na tano, hapo pesa zote ni za landlodi.

Kulikuwa na soja mmoja wa geti niliyemwita mwongo kwa miezi mitatu. Kila mwisho wa mwezi ahadi, kila mwisho wa mwezi hadithi. Siku moja nikamuuliza kazini kwao hulipwa lini hasa. Tarehe kumi, akasema, na siku nyingine kumi na mbili. Nikamuuliza kwa nini basi husema mwisho wa mwezi. Akacheka kwa aibu: "Mathe, ningesema tarehe kumi ungenipa?" Nikabadilisha tarehe. Huu ni mwaka wa nne, hajawahi kupitisha. Mtu ni yuleyule, mshahara ni uleule.

Tatu, andika yeye akiona, na uandike vitu, si jumla peke yake. "Unga pakiti moja, sukari robo, mafuta ya 50." Akilipa, kata mstari hapohapo pesa ikiwa bado mkononi, hata kama foleni inapiga kelele. Najua unaona hili ni jambo la kawaida. Ngoja.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa ploti ya nyuma alilipa shilingi 200 jioni, watu wamejaa, nikamrudishia chenji ya mtu mwingine, nikasahau kukata. Wiki iliyofuata nikamdai. Akasema amelipa. Nikasema hajalipa. Nikapaza sauti, unajua ile sauti ya kuita mashahidi, na watu wakageuka kumtazama. Akafungua leso, akatoa 200, akaweka kwenye kaunta bila neno, akaondoka. Nilimsema mpaka Krismasi. Baadaye, nikipitia hesabu za zamani, nikakuta kwenye ukurasa wa mauzo wa jioni ile nimeandika kwa mkono wangu, kwa penseli, jina lake na 200.

Mtu mbaya katika hadithi hiyo ni mimi, na siku ile sikujisikia mbaya hata kidogo. Nilijisikia nina haki kabisa. Tangu hapo, mtu akiniambia amelipa na daftari linakataa, kwanza naangalia daftari limeandikwa na nani.

Binti yangu husema mambo haya yana wenyewe. Kuna Mengzi, Mchina wa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliyesema ukimwona mtoto anataka kutumbukia kisimani moyo hushtuka kabla hujafikiri, na mshtuko huo ndio mbegu ya wema. Hakusema kila mtu atakimbia kumdaka, alisema kila mtu atashtuka. Baada yake akaja Xunzi, Mchina mwenzake, akapinga: mtu ni ubao uliopinda, haunyooki mpaka upitishwe kwenye mvuke na kubanwa. Mimi nampenda Xunzi kwa sababu anaongea kama fundi. Halafu Mwingereza Thomas Hobbes, aliyeandika mwaka 1651 nchi yake ikitoka vitani yenyewe kwa yenyewe, akasema pasipo serikali ya kuogopwa maisha ni mafupi na ya kinyama.

Huyo wa tatu simcheki. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, nchi nzima waliuawa watu zaidi ya 1,100. Duka lilifungwa. Jirani mmoja alificha magunia yangu mawili ya unga chini ya kitanda chake na hakugusa hata kikombe. Mwingine, mteja wangu wa daftari, nilimwona kwa macho yangu akiwa na mawe mikononi, pamoja na kundi. Aprili alikuja kulipa deni lake lote. Sikumuuliza kitu na hakusema kitu. Nilikata mstari. Sijui ningemwandika upande gani, na ndipo nilipoacha kutaka kuandika watu pande mbili.

Nne, kudai. Usidai mbele ya watu. Mwaka 2014 nilijaribu ushauri wa mwenzangu, nikabandika mlangoni majina ya wadaiwa. Wawili walilipa kwa hasira. Watano wakabadilisha njia, wakawa wanazunguka kupitia Nyama Villa ili wasinione, na pesa zao taslimu wakazipeleka kwa jirani yangu. Aibu ikizidi mtu hukimbia, na akikimbia wewe unasema si nilijua. Subiri awe peke yake, mwambie "leta kidogo", na ukipewa 20 pokea, andika, shukuru. Ile 20 haikusaidii kununua chochote Nyamakima, tunakonunua bidhaa kwa jumla, lakini inamrudisha kwenye kaunta.

Wa kunyimwa ni wachache: anayekopa huku akinuka pombe, anayekusifu kabla hajataja anachotaka, na yule anayeanza kwa kukuambia mtaa huu umejaa wezi. Huyo wa mwisho sina ushahidi, ni mazoea tu.

Daftari lililokwisha Aprili lilikuwa na watu 64. Ambao hawajalipa ni watano. Mmoja alifariki, wawili walihama usiku, na wawili wananipita kila siku na kunisalimia kwa heshima kuliko wote.

Daftari likijaa, hamishia madeni yaliyo hai kwenye jipya, ya marehemu yakate, na lile la zamani lichome kwenye jiko. Usilitumie kufungia njugu, majina ya watu yamo humo. Mimi kuna mstari mmoja ninaouhamisha kila mara, sasa ni daftari la nne. Yule mama wa ploti ya nyuma nasikia alihamia Ruai. Nimefika Ruai mara mbili, kwa mazishi na kwa harusi, na mara zote nilirudi bila kumtafuta. Jina lake liko ukurasa wa kwanza, 200, mdaiwa mimi. Kwenye safu ya tarehe bado sijaandika kitu.