Peptidi ya kuzibia kingamwili za eIF2α: somo, na maswali yenu

Wakuu, salaam. Karibu kila wiki naulizwa: "Mstari wangu wa eIF2α umetokea, nitajuaje ni wenyewe?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo naliandika hapa. eIF2α ni protini inayosaidia seli kuanza kutengeneza protini nyingine. Mstari ni alama inayotokea kwenye utando wa western blot (karatasi nyembamba iliyohamishiwa protini zilizotenganishwa kwa ukubwa) pale kingamwili iliposhika.

Peptidi ya kuzibia ni kipande kifupi cha protini, asidi amino 10 hadi 20 hivi, sawa na kile alichochanjwa sungura ili atoe kingamwili. Ukiiloweka kingamwili humo, mikono yake inashikwa kabla ya kufika kwenye utando, na mstari unaotokana na sehemu hiyo unatoweka.

1. Acha kichupa cha peptidi kipate joto la chumba ndipo ufungue. Kikiwa baridi kinavuta unyevu.

2. Kizungushe unga ushuke chini, yeyusha kwa maji safi: miligramu 1 kwa mililita 1. Ikikataa, tia DMSO (kiyeyushio cha maabara) kidogo, isipokuwa peptidi yenye sisteini au methionini (asidi amino zenye salfa), maana DMSO inaziharibu.

3. Gawa kwenye vichupa vidogo, weka friza ya nyuzi -20.

4. Andaa vipande viwili vya utando vyenye sampuli zilezile.

5. Kuloweka. Hapa niliharibu kazi ya wiki nzima. Nililoweka kingamwili na peptidi usiku kucha, halafu kichupa cha kulinganishia nikakitengeneza asubuhi. Mstari ukafifia, nikafurahi. Niliporudia, vichupa vyote viwili vikilala pamoja, mistari yote miwili ikafifia! Kingamwili iliyochanganywa na bafa (kimiminika kinachotuliza pH) tupu, bila albumini (BSA), ilikuwa inanata kwenye plastiki ya kichupa. Peptidi haikuwa imefanya lolote nililoliona. Kwa hiyo: changanya kingamwili mara moja kwenye bafa yenye BSA, gawa sawasawa vichupa viwili. Kimoja tia peptidi, uzito mara 5 ya kingamwili. Kingine tia kimiminika kilekile ulichoyeyushia, ujazo uleule. Vyote vizunguke usiku kucha kwenye nyuzi 4, au saa 2 kwenye joto la chumba. Msiione mara 5 ni ndogo: kingamwili ina kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 150, peptidi ya asidi amino 15 haifiki 2, hivyo kila kingamwili inazungukwa na mamia ya peptidi.

6. Loweka kila kipande cha utando kwenye mchanganyiko wa kichupa chake. Osha, weka kingamwili ya pili (inayoshika ile ya kwanza na kuonyesha mstari), piga picha vipande vyote PAMOJA, muda uleule.

MASWALI

— Mkuu, peptidi naweka kiasi gani?
Hatua ya 5.

— Nimefuata yote, mstari haujatoweka. Hizi peptidi ni feki.
Kingamwili yako ilitengenezwa kwa peptidi hiyo, au kwa protini nzima?
— Karatasi inasema protini nzima.
Basi inashika sehemu nyingi, na peptidi moja haiwezi kuziba zote. Karatasi husomwa kabla ya kununua.

— Mimi natafuta eIF2α yenye fosfeti kwenye serini (asidi amino) ya 51. Nitumie peptidi yenye fosfeti au isiyo nayo?
Swali zuri sana. Zote mbili, kwa vipande vitatu: bila peptidi, na yenye fosfeti, na isiyo nayo. Kingamwili nzuri itazibwa na yenye fosfeti peke yake. Ikizibwa na zote, haitofautishi. Kufunika nafasi tupu za utando tumia BSA badala ya maziwa, kwa sababu kasini, protini ya maziwa, yenyewe imebeba fosfeti. Na weka sampuli ya seli zilizopewa thapsigarjini (kemikali inayoisumbua seli hadi eIF2α yake ibebe fosfeti), ili uwe na mstari wa uhakika wa kuziba.

— Kwa hiyo mstari ukitoweka nimethibitisha ni eIF2α?
Hapana, ndugu yangu. Umethibitisha kwamba kingamwili inashikia sehemu ile. Protini nyingine yenye mfuatano unaofanana nayo itatoweka vilevile. Angalia kwanza kama mstari uko karibu na kilodaltoni 36 hadi 38, kisha punguza eIF2α kwa siRNA (RNA fupi inayonyamazisha jeni) uone kama nao unapungua. Usitafute seli zisizo nayo kabisa, haziishi bila hiyo.

— Nje ya mada: naweza kutunza mchanganyiko kwa sodiamu azidi?
Wa kingamwili ya kwanza, sawa, ila osha vizuri. Kwenye kingamwili ya pili yenye HRP (kimeng'enya kinachofanya mstari uonekane) usithubutu: azidi inaizima HRP na hutaona mstari wowote.