Namna ya kuonja na kupima biri za kuviringishwa kwa mkono ukiwa pwani

Kijana mmoja ninayemfahamu amekabidhiwa kabati la biri kwenye baa ya hoteli ya ufukweni. Akanipigia: mgeni amerudisha biri ya Nikaragua ya bei mbaya, anasema ni chachu na imemzimikia kila mara, je, tumeuziwa feki? Hazikuwa feki. Zilikuwa zimelowa. Tuliongea mpaka salio likaisha, kwa hiyo yaliyobaki nayaandika hapa, na wengine mfaidike.

Nazungumzia biri nene za majani matupu, zile za Kuba, Nikaragua, Honduras na Jamhuri ya Dominika, si biri nyembamba za kufungwa uzi. Moshi wake hauvutwi kifuani. Unauzungusha mdomoni na kuutoa. Hilo haliifanyi iwe salama, maana saratani ya kinywa na koo haingoji moshi ufike mapafuni. Asiyevuta asianze kwa sababu yangu. Huu ni mwongozo wa watu ambao kazi yao au mazoea yao yameshawafikisha huko.

Hatua ya 1: Chagua ukubwa mmoja

Unene huhesabiwa kwa sehemu ya 64 ya inchi, kwa hiyo biri ya 50 ina kipenyo cha karibu milimita 20. Ukubwa uitwao robusto kwa kawaida ni wa 50, urefu milimita 124. Ule uitwao corona ni wa 42, urefu milimita 142. Ukilinganisha biri mbili, hakikisha zinalingana ukubwa. Mimi hutumia corona, kwa sababu biri ikiwa nyembamba jani la nje lina sauti kubwa zaidi katika ladha. Hizi za 60 zinazopendwa siku hizi ni za kujaza mdomo tu.

Hatua ya 2: Unyevu, na hapa usiruke hata mstari

Miongozo mingi imeandikwa na watu ambao nyumba zao hukauka wanapowasha hita wakati wa baridi. Ndiyo maana kila ukurasa unafundisha kuongeza maji: sponji, maji yaliyotoneshwa, kupangusa mbao kwa kitambaa kibichi. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, hewa yenyewe hupita asilimia 75 ya unyevu mara nyingi, na wakati wa masika ndiyo usiseme. Ukiweka sponji ya maji ndani ya sanduku huku kwetu, umefuga ukungu. Biri inataka kati ya asilimia 65 na 70. Mimi nashika 65, na wa 70 sibishani naye ilimradi anaishi Nairobi.

Iliyolowa utaijua. Imevimba, ukiivuta moshi unakuja kwa shida, inazimika, na ladha yake ni uchachu na uchungu. Pengine jani la nje hupasuka kwa sababu majani ya ndani yanatanuka yakipata moto. Iliyokauka nayo hulia ukiibonyeza, huungua upesi, na moshi wake ni wa moto, pilipili tupu. Anayeonja biri ya namna hizo mbili anapima kabati. Tumbaku yenyewe hajaifikia.

Anza kwa kuhakikisha kipimo chako cha unyevu hakikudanganyi. Vile vya mshale na duara la rangi ya dhahabu vinavyobandikwa kwenye kifuniko cha sanduku ni pambo, ving'oe. Nunua kidogo cha betri, kisha kijaribu kwa chumvi. Jaza kizibo cha soda chumvi ya mezani, tonesha maji kidogo kidogo hadi chumvi iwe kama mchanga wa pwani maji yakishatoka. Isiyeyuke. Ukiona maji yanaelea juu, mwaga uanze upya. Weka kizibo na kipimo ndani ya chupa ya mdomo mpana au mfuko wa plastiki unaofungika barabara, funga, na usiguse hadi kesho. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hutulia kwenye asilimia 75, iwe uko Moshi au Muscat. Kipimo kikisoma 80, kinazidisha 5. Andika hivyo nyuma yake kwa kalamu isiyofutika. Mambo ya kuangalia: usifungue mfuko ili usome vizuri, soma ukiwa umefungwa, maana hewa ya nje ikiingia utasubiri upya. Usiuweke juu ya friji wala dirishani, joto linalopanda na kushuka huvuruga. Rudia jaribio kila unapobadilisha betri.

Kisha chombo. Wauza masanduku watanichukia, lakini kwa pwani hakuna kinachoshinda bakuli la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko na vibano pande zote. Lioshe, lianike mpaka harufu iishe kabisa, utandike ndani vibao vinavyokuja na masanduku ya biri. Vibao hivyo mara nyingi ni Cedrela odorata, mti wa Amerika ya kitropiki uliowahi kupandwa kwetu pia, Usambara na Morogoro, hadi katika msitu wa Kimboza umegeuka kero. Ubao wenye vanishi au harufu nyingine kali usiuweke. Sanduku la mbao la kung'aa liweke kaunta wageni walione, na ndani yake ziwe biri za jioni ile tu.

Ndani ya bakuli weka pakiti za unyevu za njia mbili zilizoandikwa 65, gramu 60 kwa kila biri 25. Hutoa unyevu hewa ikikauka na huunyonya ukizidi, na huku kwetu kazi yake kubwa ni kunyonya. Ikivimba na kuwa majimaji, imeshiba, weka nyingine.

Sasa subiri. Biri iliyolowa haikaushwi mbele ya feni wala haiachwi wazi kwenye kiyoyozi: jani la nje linasinyaa wakati ndani bado kubichi, na utalisikia likipasuka. Zipe wiki tatu, nene wiki nne. Mgeni mwenye haraka muuzie kahawa.

Halafu kuna joto. Kati ya nyuzi 18 na 21 ndiyo sawa. Hoteli nyingi huzima kiyoyozi baa ikifungwa, na kabati hubaki kwenye joto usiku kucha. Joto likipanda, mayai ya Lasioderma serricorne, mdudu wa tumbaku, huanguliwa, na baadaye unakuta vitundu vya saizi ya sindano na unga chini yake. Ukikuta kitundu kimoja, sanduku zima lifungwe ndani ya mifuko miwili: friji siku moja, friza siku tatu, friji tena siku moja, ndipo litoke nje. Ukiruka zile siku za friji majani yatapasuka.

La mwisho kabla hatujaondoka hapa: usiitoe biri kwenye chumba cha nyuzi 18 ukaikimbiza barazani mbele ya bahari. Hewa yetu yenye maji mengi hutua juu ya kitu chochote cha baridi, na jani hulowa mbele ya mgeni. Iache ndani ya kasha lililofungwa ipate joto la nje taratibu, ndipo uifungue.

Hatua ya 3: Tazama, bonyeza, nusa

Pitisha vidole taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu laini ina majani machache na itaungua kwa moto mwingi. Sehemu ngumu kama fundo itaziba. Jani la nje la Kamerun lina vijipele vidogo, usidhani ni ugonjwa, ndiyo sifa yake. Utando wa kijani au wa buluu ni ukungu. Ule mweupe ambao wauzaji husifia kuwa ni mafuta ya biri iliyokomaa, mara nyingi nao ni ukungu, kwa hiyo msiwauzie watu hadithi.

Nusa upande wa kuwashia. Harufu ya amonia inayochoma pua maana yake majani hayajamaliza kuchachuka, tutairudia.

Hatua ya 4: Kata

Kikatio chenye makali mawili, milimita mbili tu, usishuke chini ya kofia, kile kipande cha jani kinachofunika upande wa mdomoni. Vuta kabla ya kuwasha. Kama unavuta hewa kwa shida, sindano nyembamba ya kufuma iliyopitishwa katikati husaidia. Biri za Kuba zilipata sifa mbaya ya kuziba mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo bei kubwa isikutishe kuandika kwamba imeziba.

Hatua ya 5: Washa

Gesi, si petroli, si mshumaa. Moto usiguse jani.

Hatua ya 6: Onja kwa theluthi

Uwe umekula. Nikotini kwenye tumbo tupu itakuangusha. Ukihisi kizunguzungu na jasho baridi, acha biri na unywe juisi ya miwa. Pembeni weka maji matupu. Kahawa chungu ni rafiki mzuri wa biri lakini si siku ya kupima.

Vuta mara moja kwa dakika, si zaidi. Ukiharakisha unaichoma, na biri zilizochomwa zote zina ladha moja. Theluthi ya kwanza usihukumu chochote, andika tu. Kuanzia ya pili, pitisha moshi kidogo sana puani, labda mara moja kati ya tano. Huko ndiko viungo vinakojitokeza. Theluthi ya tatu nguvu hupanda. Jani la ligero, la juu kabisa ya mmea, ndilo kali na huungua polepole, kwa hiyo mviringishaji huliweka katikati. Seco na volado, majani ya chini yake kwenye mmea, huzunguka nje yake. Ukali ukija wenyewe ukiwa na utamu au ukakasi wa ngozi mpya, ni kazi nzuri. Ukija na uchungu wa lami, simama hapo, huna deni la kuimaliza.

Moto ukienda upande mmoja, geuza biri ili upande unaochelewa uwe chini, na uvute mara chache kwanza kabla ya kutumia kiberiti. Rangi ya jivu puuza, ni habari ya madini ya udongo.

Hatua ya 7: Andika

Nembo ifunikwe kwa karatasi na mtu mwingine kabla hujaishika. Ukishajua bei, ulimi hufuata mfuko.

Majina ya ladha yawe ya vitu ulivyowahi kuweka mdomoni au kunusa: iliki, pilipili manga, karafuu, ukwaju, udi, kashata, kahawa iliyoungua. Kuandika matunda ya Ulaya usiyoyajua ni kunakili karatasi ya muuzaji. Alama za mia sizitumii, kwa sababu kila biri huishia kati ya 85 na 95 na hakuna ulichojua. Naandika mambo manne tu: mvuto, moto, ladha ya kila theluthi, na kama ningeinunua tena kwa hela yangu. Juu ya ukurasa naweka unyevu na joto la bakuli siku ile, la sivyo maandishi ya Aprili na ya Januari hayalinganishiki.

Kwa sababu kila biri imepita mkononi mwa mtu, onja tatu za sanduku moja kwa siku tofauti kabla ya kuamua. Ile ya amonia usiipe alama yoyote: irudishe kwenye bakuli, andika tarehe kwenye utepe, na uifungue tena baada ya miezi sita.