Pansi Arusha na Moshi: fuata baridi, achana na kalenda ya pakiti

Kila ikifika mwezi wa sita watu wanaanza kuulizia yale maua mafupi yenye kama sura ya mtu katikati, ya zambarau na njano, mengine meupe yana doa jeusi, wameyaona getini kwa mtu Njiro au kwenye lodge moja njia ya Usa River na wao wanayataka kwao. Hayo ndo pansi. Shida ni kwamba mwezi wa sita ukiulizia mbegu ushachelewa, muda huo ulitakiwa uwe unahamishia miche ardhini.

Pansi ni ua la baridi, na ukilishika hilo mengine yote yanakuwa mepesi. Waliolikuza ni Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1800, walichukua vayola za porini za Ulaya wakazichanganya mpaka wakapata ua kubwa, kwa hiyo hata leo bado linataka hewa ya ubaridi, mchana wa nyuzi 15 mpaka 22 hivi linachanua mpaka raha. Joto likipita 27 likakaa huko, shina linarefuka, linalala, maua yanakuwa madogo mnoo afu yanakata kabisa. Sasa pakiti nyingi za mbegu zinatoka Ulaya na zimeandikwa upande vuli yao au machipuo yao, hiyo ni kalenda ya kwao, huku haituhusu hata kidogo. Sisi msimu wetu ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, na kwa Arusha unaweza kuuvuta hadi mwanzoni mwa Oktoba kama mvua za vuli hazijawahi.

Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, na hiyo tofauti pansi anaiona. Mtu wa Ilboru, Sakina au Ngaramtoni anapanda juani kabisa hana wasiwasi maana Julai hapa jua lenyewe linatoka saa sita likijisikia. Mtu wa Moshi mjini akipanda juani hivyo hivyo ataambulia wiki chache bas. Kwa Moshi mjini chagua upande wa mashariki wa nyumba, lile jua la asubuhi linatosha, kuanzia saa saba kivuli cha ukuta kinafunika. Ila kama uko Kibosho, Machame, Marangu au Old Moshi huko juu, we ndo mwenye bahati kuliko wote, huko inakubali hata kuliko Arusha mjini.

Tuanze na mbegu maana ndo panapoua watu wengi. Kwa Arusha sia kuanzia katikati ya mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Kutoka kusia mpaka ua la kwanza ni wiki 10 hadi 12, hesabu mwenyewe. Ndio, muda huo ni masika, na ndo maana husii nje, unasia kwenye trei chini ya paa, mvua ya masika ikipiga mbegu ndogo namna ile inaisogeza yote pembeni inabaki tope. Trei ikiwa haipo, kata galoni la mafuta ya kula kwa ubavu utoboe matundu chini, inafanya kazi vizuri tu. Trei za mayai za karatasi mi sizipendi, zinalowa zinavunjika kabla miche haijafikia kuhamishwa.

Udongo wa kusia: mboji iliyochekechwa sehemu mbili, mchanga wa mtoni sehemu moja, mwagia maji yaliyochemka uache upoe kabisa. Usiruke hiyo ya maji ya moto, inapunguza vimelea vya kinyausi, ule ugonjwa wa mche kuoza shingoni ukalala chini usiku mmoja trei nzima. Lowesha, tandaza mbegu, funika na udongo mwembamba wa milimita 3 hivi. Sasa sikia hapa, mbegu ya pansi inataka giza ili iote. Funika trei na mfuko mweusi au gazeti lililokunjwa, weka mahali pa ubaridi, sakafu ya stoo inafaa sana, au chini ya karo la nje, ila sio juu ya bati na sio jikoni karibu na jiko. Mbegu ya pansi ikipata joto sana inagoma, inalala tu humo, halafu mtu anasema kauziwa mbegu mbovu kumbe ni joto la Machi.

Siku ya saba anza kuchungulia kila asubuhi. Utaanza kuona udongo umenyanyuka kidogo, chini yake kuna kishingo cheupe kimejikunja bado kichwa kiko ndani. Ukiona vya namna hiyo viwili vitatu toa mfuko siku hiyo hiyo, usisubiri zote. Ukichelewa hata siku mbili vinarefuka vikitafuta mwanga, vyembamba kama uzi, na hivyo havirudi kuwa mche wa maana. Zilizobaki zitaendelea kujitokeza mpaka wiki ya tatu, zinaota kwa awamu. Kumwagilia ni kwa chini, weka trei kwenye beseni lenye maji kidogo inyonye yenyewe, ukiona juu kumelowa toa.

Ikifikisha majani ya kweli mawili mpaka manne (yale mawili ya mwanzo kabisa usiyahesabu) hamishia kwenye viriba vidogo au vikopo vya mtindi vilivyotobolewa, ikae wiki tatu nne, wiki ya mwisho iwe inashinda nje ili izoee upepo. Ndo ipande bustanini.

Kama hiyo habari yote ya kusia imekuchosha nunua miche, hamna dhambi. Kwa watu wa Moshi mjini mi nawashauri hivyo kabisa, nunueni miche mwezi wa sita, msihangaike na mbegu kwenye joto lile. Wauza miche wa pembeni ya barabara wengi watakuvutia na ule uliochanua sana. Usiuchukue huo. Chukua mfupi, mnene, wenye vitumba bado vimefunga, afu omba akuruhusu uutoe kwenye kiriba uone mizizi, iwe myeupe, ikiwa ya kahawia na ina harufu ya kuoza rudisha. Anayekataa usiangalie mizizi hamia kwa jirani yake.

Ardhi yetu ya Meru na Kilimanjaro ni ya volkano, ina rutuba, haihitaji makuu. Pansi anapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH kama 5.5 mpaka 6 na kitu, unaoshika unyevu ila hautuamishi maji. Changanya ndoo ya samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba, na nasema iliyooza, ile ambayo haina tena harufu na ukiishika haina joto. Samadi mbichi ya zizini inaunguza mizizi na pia inakupa majani mengi ya kijani mazuri bila ua hata moja. Yurea ndo usiiguse kabisa. Acha nafasi sentimita 15 mpaka 20 mche hadi mche, unaona kama umeziachanisha sana lakini zitakutana zenyewe. Kwenye chungu kiwe na kina cha sentimita 20 na matundu ya kutosha.

Kuna tabia moja nyumbani kwetu huku, majivu ya jikoni yote yanaenda kwenye maua. Kwenye migomba sawa, kwenye pansi hapana, majivu yanapandisha pH na huyu hapendi. Na hapa Arusha kuna jambo la maji pia, visima vingi vya maeneo yanayozunguka Meru maji yake yana magadi na floridi, ukimwagilia hayo kwa miezi mfululizo udongo unazidi kupoteza uchachu, mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma na boroni, majani machanga yanakuja ya njano au yamejikunyata na kunenepa. Watu wanadhani ni wadudu wanaanza kupuliza madawa. Ukiwa na tenki la mvua tumia hayo ya mvua, kama huna ongeza mboji mara kwa mara inasaidia kiasi.

Mwagilia asubuhi, kwenye udongo sio juu ya maua. Huku Julai asubuhi ni ukungu na manyunyu, majani yakilala yamelowa unapata ubwiri, ule unga mweupe juu ya jani au ukungu wa kijivu chini yake. Ingiza kidole, pakiwa pakavu mpaka kifundo cha kwanza ndo mwagilia. Mbolea, kila baada ya wiki mbili tatu NPK ya maji nusu ya kipimo kilichoandikwa, inatosha.

Sasa kazi yenyewe ambayo ndo inatofautisha bustani ya mtu na mtu: kutoa maua yaliyonyauka. Ua likishaanza kujikunja usivute petali, fuata kikonyo chake mpaka chini kinapotokea pale kwenye kwapa la jani, bana kwa kucha ukate hapo hapo. Ukikata kichwa tu ukaacha kijifuko cha kijani nyuma yake umefanya kazi bure, hicho kijifuko ndo kinatengeneza mbegu, na mmea ukishaona unazaa mbegu unaacha kuchanua, kwake kazi imeisha. Fanya kila baada ya siku mbili tatu, dakika tano wakati unaongea na simu, wape na watoto wanapenda. Mmea ukirefuka katikati ya msimu ukaacha uwazi katikati, ukate nusu nzima bila huruma, mwagilia, upe mbolea kidogo, utaona unachipua upya.

Wadudu wapo. Vidukari vinakaa chini ya jani na kwenye vitumba, maji yenye sabuni kidogo ya kufulia ya kipande yanavimaliza ila rudia baada ya siku chache. Konokono ndo adui, hasa wale wasio na nyumba, wanakula petali zote usiku. Ukitandaza majani makavu ya migomba kutunza unyevu unakuwa umewajengea pa kulala, kwa hiyo wakati wa manyunyu yaondoe, yarudishe jua likianza kuwaka Septemba. Toka na tochi ya simu saa mbili usiku uwaokote. Au fukia kikopo kikae usawa wa ardhi umimine bia iliyobaki, wanafuata harufu ya chachu wanazama humo. Mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, ikilala nayo ina chachu, ijaribu, ingawa kwa wazee wa Kibosho sijui utaanzaje kuwaeleza mbege inaenda wapi. Kuku je? Kuku hamna dawa, weka wavu.

Na ukiona mmea mmoja umenyauka wakati udongo una unyevu, ung'oe na mizizi yake, ikiwa imeoza usirudishie mwingine pale pale. Mwakani panda pansi upande mwingine kabisa, vimelea vya kuoza mizizi vinabaki ardhini.

Petali zake zinaliwa pia, waoka keki wanaziweka juu ya keki za send-off zinapendeza kuliko plastiki, ila iwe ni mmea ambao haujapuliziwa dawa yoyote, maana ya duka la miche hujui imepita wapi. Hilo usilifanyie mchezo.

Oktoba joto likirudi usiwahangaikie kwa maji, ng'oa, weka ua la jua kama zinia au marigoldi. Kabla ya hapo acha miche michache uliyoipenda itengeneze mbegu. Kijifuko kinaanza kimeinamisha kichwa, kikikaribia kukomaa kinanyanyuka kinaangalia juu na kinapauka. Hapo ndo ukikate, ukisubiri kesho kinapasuka pande tatu kinarusha mbegu mbali hukuti kitu. Weka ndani ya bahasha ya karatasi ufunge mdomo maana zitarukia humo humo, utazisikia. Kama mbegu ya mwanzo ilikuwa F1, yaani chotara ya kwanza ya aina mbili, usitegemee rangi ile ile, zitatoka mchanganyiko, mi huo mchanganyiko naupenda zaidi. Kausha kivulini wiki moja, tia kwenye kichupa kinachofunga vizuri, weka friji sehemu ya chini sio freza, na uzitumie msimu unaofuata kwa sababu mbegu ya pansi ikikaa muda mrefu uotaji wake unashuka haraka.