SOMO: Dodoma–Kondoa–Babati kwa baiskeli, kabla hamjaniuliza tena

Wadau, kiangazi kimeingia na maswali ni yale yale: njia ipi, siku ngapi, pancha nifanyeje. Naandika mara moja. Atakayeuliza kilichomo humu nitamjibu namba ya hatua, asinune.

Hatua ya 1: Msimu. Juni hadi Oktoba. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili. Lami inapitika hata wakati huo, ila njia za vumbi za pembeni, kama ile ya Ziwa Haubi, zinageuka tope linalojaa kwenye uma hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Hatua ya 2: Mwelekeo. Anzia Dodoma, malizia Babati, kama kilomita 250, lami mwanzo hadi mwisho. Kiangazi upepo unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo ukielekea kaskazini unakupiga ubavu wa kulia na mgongoni. Msiniambie "lakini ni kupanda". Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Kondoa karibu 1,400. Mita 300 ndani ya kilomita 160 huzisikii. Upepo wa uso siku nzima utausikia. Kurudi, pakia baiskeli kwenye buti la basi.

Hatua ya 3: Siku. Tatu. Ya kwanza Dodoma hadi Chemba, inazidi kilomita 100, tambarare nyingi na kivuli kidogo. Ya pili ni fupi, Chemba hadi Kondoa mjini, na mchana unapumzika. Ya tatu Kondoa hadi Babati, vilima vya Irangi. Mwenye siku ya nne aitumie Kolo kwenye michoro ya miambani (Hatua ya 8) au Haubi, asiitumie kulala.

Hatua ya 4: Baiskeli. Ya gia. Mbele sproketi ndogo ya meno 28 hadi 32, nyuma kubwa ya meno 34 au zaidi. Tairi pana, inchi 1.75 hadi 2. Rimu ya inchi 26 ndiyo rafiki wa safari, kwa sababu tyubu na tairi zake utazikuta hata kwenye duka la pembejeo.

Hatua ya 5: Mzigo. Kilo 12, usizidi 15, uwe chini pande zote mbili za keria. Kaza boliti za keria kila asubuhi. Matuta ya vijijini yanazilegeza moja moja bila wewe kujua.

Hatua ya 6: Pancha. Hapa ndipo watu wanaharibu, na mimi niliharibu, kwa hiyo someni taratibu.

Adui si msumari, ni mwiba wa mgunga. Watu wanakata matawi ya miiba kuzungushia maboma na mashamba, yanaburutwa kandokando ya barabara, na vipande vinabaki kwenye vumbi la pembeni. Kwenye lami yenyewe miiba ni michache. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: ukitoka kwenye lami kwenda kivulini, BEBA baiskeli, usiisukume. Hatua kumi za kusukuma zinatosha kukupa matundu manne.

Ukishapata pancha, usikimbilie kung'oa mwiba unaouona. Uache kwanza, weka alama kwenye tairi, ndipo uvue tyubu na kuilinganisha na ile alama. Kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kikinasa, hapo kuna ncha iliyokatikia ndani. Usipitishe kidole kitupu. Ncha moja ikibaki utaziba mara tatu na kumlaumu muuza viraka bure.

Kuziba kwenyewe: kwaruza kwa msasa eneo linalozidi kiraka pande zote. Paka solusheni nyembamba, SI nzito. Subiri ikauke hadi ising'ae na isishike kidole. Kwa jua letu dakika mbili tatu. Usiipulizie mdomo, mate na unyevu vinaiua. Bandika, gandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni, nyunyizia vumbi laini ili kingo zisigande kwenye tairi. Ukibandika solusheni ikiwa mbichi, kiraka kitashika asubuhi na kuachia saa saba mchana, lami ikishapata moto. Sababu ni hii: upepo uliojaza alfajiri kwa psi 50 unafika karibu 57 baiskeli ikianikwa juani, na kiraka kibovu hakivumilii nyongeza hiyo. Kwa hiyo jaza 45, na egesha kivulini.

Beba tyubu 2 nzima, viraka 10, solusheni ndogo 2 (iliyofunguliwa inakauka haraka), na pampu. Ukitaka kinga, pasua tyubu kuukuu kwa urefu, itandike ndani ya tairi. Inaongeza uzito, inapunguza matusi.

Hatua ya 7: Maji. Lita 4 kila unapoanza. Paketi za chumvi za kuhara kutoka duka la dawa, moja kwa lita moja. Anza saa 12 na nusu asubuhi, pumzika saa 5 hadi saa 9.

Hatua ya 8: Kondoa–Babati. Kutoka Kondoa unapanda kwa mawimbi kupitia Kolo hadi Bereko, kisha unashuka kuelekea Bonga na Babati. Kwenye mteremko usiikamate breki mfululizo: rimu inapata moto na tyubu inaweza kupasuka. Kamata, achia, kamata. Kolo pana michoro ya miambani, urithi wa dunia tangu 2006. Lipia kwenye ofisi ya mambo ya kale, chukua mwongozaji, na sehemu ya mwisho ni ya miguu.

MASWALI

Gia_ya_Kwanza: Mkuu, Januari nina likizo, naweza kwenda?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Gia_ya_Kwanza: Sawa, nimeona. Na lita mbili za maji hazitoshi?

Mwandishi: Hatua ya 7. Soma kwanza, kaka.

Mzee wa Chang'ombe: Pancha imekula nusu ya somo. Siku hizi kuna maji ya kuziba, unamimina ndani ya tyubu, yanaisha hayo.

Mwandishi: Yapo, na kwa tundu dogo yanafanya kazi. Mwiba ukichana tyubu, yanamwagika yote, na solusheni haishiki kwenye raba iliyolowa hayo maji. Hapo utaifuta na kuikwaruza nusu saa barabarani. Yatumie, mzee wangu, ila viraka usiviache nyumbani.

Fundi_AreaC: Shikamoo mzee, na mwandishi shukrani. Mimi nina rimu za 700C. Nikikosa tairi Kondoa, siwezi kuchukua ya 28 ya Phoenix? Si zote zinaitwa 28?

Mwandishi: Swali zuri, na limewalaza watu njiani. Jina moja, rimu mbili. Tairi ya Phoenix ya 28 x 1½ inakaa kwenye rimu ya milimita 635. 700C ni 622. Tairi ya Phoenix itapwaya kwako na kuchomoka. Tyubu yake kwa dharura itaingia, ila angalia valvu: ikiwa tundu la rimu yako ni la valvu nyembamba, haitapita. Namba imeandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 37-622. Nunua tairi moja ya kukunja hapa Dodoma uibebe. Tena, mwenye valvu nene kama ya pikipiki anajaziwa upepo popote penye fundi wa bodaboda. Mwenye nyembamba abebe kile kiunganishi cha shaba, ni kidogo kuliko punje ya karanga.

Binti_Irangi: Umesema upepo unatoka kulia. Lori likinipita nahisi kuvutwa upande wake. Ni mawazo yangu?

Mwandishi: Si mawazo, dada. Upepo wa kulia unakufanya uegemee kulia bila kujua. Lori likifika ubavuni linaukata ghafla, wewe bado umeegemea, unaangukia upande wa lori. Likishapita, upepo unarudi na kukusukuma nje ya lami. Dawa: ukisikia ngurumo nyuma, legeza viwiko, shusha kifua, acha nafasi ya mita moja hivi kati yako na ukingo wa kushoto ili uwe na pa kukimbilia. Kioo kidogo cha mkono wa kulia kinasaidia kuliko kofia ngumu ya bei mbaya, japo kofia vaa. Malori mawili yakipishana mbele yako na barabara ni nyembamba, shuka. (Uibebe baiskeli!)

Binti_Irangi: Asante sana. Haubi ikoje kwa tairi za 1.75?

Mwandishi: Kiangazi inapitika, mchanga sehemu sehemu, punguza upepo hadi 35. Angalia makorongo njiani. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mbaya kiasi kwamba mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa eneo lile. Miti unayoiona imerudi baada ya hapo.

mdau_wa_Singida: Kwa nini msipite Manyoni–Singida? Maziwa mawili mjini, Singidani na Kindai.

Mwandishi: Maziwa mazuri, barabara ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Nenda Babati, halafu Katesh hadi Singida. Mlima Hanang unakuwa nawe njiani na magari ni machache.

Gia_ya_Kwanza: Babati nitapiga hema ufukweni mwa ziwa.

Mwandishi: Ziwa Babati lina viboko, na usiku wanatoka kula majani. Lala gesti.

Gia_ya_Kwanza: Basi nitaoga tu.

Mwandishi: Kichocho. Oga gesti.

Fundi_AreaC: Tusisahau chakula. Karanga na ubuyu mfukoni, mtindi ukifika kijijini. Chipsi mayai kabla ya mlima sishauri.

Mzee wa Chang'ombe: Na maji yasichemke: vesha chupa soksi ya pamba, iloweshe. Hewa yetu kavu, soksi inakauka huku maji yanapoa.

Binti_Irangi: Soksi safi lakini, mzee.