Kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji wa saratani ya medula ya thairoidi

Jirani aliyepona saratani ya thairoidi atakwambia usihofu: utapasuliwa, utameza ayodini ya mionzi, basi. Anasema kweli, ila yake siyo yako. Saratani ya medula huanzia kwenye seli C, zile za tezi ya thairoidi (iliyo shingoni) zinazotengeneza homoni ya kalsitonini, nazo hazifyonzi ayodini, kwa hiyo dawa ile haina kazi hapo. Tegemeo kubwa ni upasuaji wa kwanza. Muulize daktari, bila aibu, amewahi kutoa tezi za limfu za shingo mara ngapi.

Hata hivyo, swali la kutanguliza ni jingine: tezi zilizo juu ya figo zimepimwa? Robo hivi ya wagonjwa wamerithi hitilafu ya jeni ya RET, na hitilafu hiyo huweza kuotesha huko uvimbe unaomwaga adrenalini. Ukipigwa nusu kaputi uvimbe huo haujajulikana, presha inaweza kupaa ukafia mezani. Kipimo chake ni cha damu au mkojo, kinaitwa metanefrini. Ukionekana, hutolewa kwanza, shingo isubiri. Kama huwa unatokwa jasho ghafla, moyo ukidunda na kichwa kikigonga, sema. Kama huna dalili hizo, pima vilevile.

Damu ipimwe pia kalsitonini, CEA (protini ya damu inayoweza kupanda kwa saratani hii) na kalsiamu. Nakala ya majibu ikae nyumbani kwako, maana mafaili hupotea. Miezi mitatu hivi baada ya upasuaji kalsitonini hupimwa tena, na bila namba ya mwanzo, ya pili haielezi mengi. Namba ya mwanzo ya kalsitonini ikizidi pikogramu 500 kwa mililita, altrasaundi ya shingo haitoshi. Kifua na ini navyo vipigwe CT.

Kipimo cha RET kinamhusu kila mgonjwa, hata asiye na historia ya ugonjwa huu katika ukoo. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu jibu lako ni la wanao pia. Kwa aina kali kabisa ya hitilafu hiyo, mtoto hutolewa tezi ya thairoidi ndani ya mwaka wake wa kwanza.

Mwalimu au muadhini aulizie mshipa wa fahamu wa sauti, maana unapita karibu na thairoidi na unaweza kuumia kwenye upasuaji. Wote mpange bajeti ya levothairoksini, kidonge cha kila siku maisha yote kinachoshika nafasi ya homoni ya thairoidi. Vidonge vya kalsiamu viulizie kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, kwa sababu kalsiamu ya damu inaweza kushuka baada ya upasuaji. Midomo na ncha za vidole vikianza kuchomachoma kama sindano, rudi hospitali saa hiyohiyo, usingoje siku ya kliniki.